Umeamka Jumamosi unaitaka Berlin na huna plani yoyote: pita huku

Dada mmoja anayesoma uuguzi Magdeburg kaniandikia hivi: "Kaka shkamoo, shifti yangu ya Jumamosi imefutwa ghafla na nataka niende Berlin, sijawahi kufika. Sina booking, hela yenyewe ya kuungaunga, nina Deutschlandticket (ile tiketi ya mwezi ya treni za mikoa na za mjini) na miguu yangu tu. Wenzangu wananiambia bila kupanga ntaishia kuzunguka Alexanderplatz alafu nirudi. Nianzie wapi, nipite wapi, na je kuna kitu chochote huko kinachotuhusu sisi?"

Marahaba dada. Nenda. Mimi kazi yangu ni kutembeza watu Berlin kwa miguu na nakuhakikishia siku ya ghafla hapa inawezekana kabisa, tena bila booking hata moja, maana vitu vizito vya huu mji viko nje barabarani, vingine viko chini kabisa unavikanyaga. Na hilo swali lako la mwisho ndio limenifanya nijibu kwa urefu, kwa sababu jibu ni ndio, vipo, na nitakupitisha humohumo.

Kwanza sahau kuandika orodha ya vitu ishirini. Siku ya ghafla haitaki ratiba ya saa kwa saa, inataka mzunguko mmoja tu unaoanzia na kuishia stesheni, ili hata ukichoka katikati ujue uko wapi na unarudi vipi. Mzunguko wangu ni kama kilomita kumi hivi, unatoka Hauptbahnhof, yaani stesheni kuu, unaelekea mashariki kupitia Invalidenstraße na Bernauer Straße, unashuka mpaka mtoni kwenye kisiwa cha makumbusho, alafu unarudi magharibi kwa barabara ya Unter den Linden mpaka Reichstag, jengo la bunge, na unaingia tena Hauptbahnhof. Ukitembea polepole na kukaa kaa, ni siku nzima.

Panda RE1, treni ya mkoa, ya asubuhi, Magdeburg mpaka Berlin haifiki saa mbili. Lenga kufika kabla ya saa nne asubuhi (zetu, yaani kumi kwa saa za Kijerumani). Ukitoka stesheni nenda upande wa Invalidenstraße, pinda kulia, tembea dakika kumi na tano hivi, namba 43 kushoto kwako utaona jengo kubwa la zamani limeandikwa Museum für Naturkunde. Jumamosi wanafungua hiyo saa nne. Hapa utalipa kiingilio, na kwa kweli huu ndio mlango pekee wa kulipia ninaokupa kwa siku nzima, wenye vitambulisho vya masomo hupunguziwa kwahiyo beba chako cha Azubi (mwanafunzi wa kazini) na uulize.

Kwanini hapa? Kwa sababu ukishapita mlango tu, ukumbi wa kwanza, kuna dinosaria amesimama mrefu mita 13.27, unainua kichwa mpaka shingo inauma, na huyo katoka Lindi. Katoka Tendaguru, bara ya Lindi, alichimbwa na msafara wa makumbusho haya kati ya 1909 na 1913. Jina lake la kisayansi siku hizi ni Giraffatitan brancai. Na wala hayuko peke yake, tazama wale wadogo waliomzunguka, Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni na Dicraeosaurus, nao ni wa Tendaguru vilevile. Mizigo ilikuwa zaidi ya tani 200 na ilibebwa na watu kichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi, ndipo ikapandishwa meli. Sasa piga hesabu ya miaka: vita vya Maji Maji viliisha 1907, kusini kote kumechomwa na watu wamekufa kwa njaa, na miaka miwili tu baadae mamia ya wanaume na wanawake wa kusini hukohuko wanachimba na kubeba mifupa kwa ujira wa koloni. Mimi siwezi kusimama pale nikaangalia urefu tu. Msimamizi mkuu wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 dinosaria mwingine wa Tendaguru alipewa jina la kisayansi Australodocus bohetii kwa heshima yake, karibu miaka mia moja baada ya kazi. Kwahiyo ukisimama pale litaje hilo jina, maana maprofesa walioongoza msafara majina yao hayajawahi kukosa pa kuandikwa.

Kaa humo saa moja na nusu isizidi. Kuna mitungi 276,000 ya samaki na nyoka na kila mdudu ndani ya spiriti, imepangwa kwenye ukumbi wa giza wenye ukuta wa kioo, inavutia sana, na yule ndege wa kale Archaeopteryx nae yupo, ila miguu yako tunaihitaji.

Ukitoka endelea na Invalidenstraße uelekeo uleule, stesheni unaiacha nyuma. Hapa nikupe darasa dogo la barabara ya Berlin. Ile sehemu nyembamba ya njia iliyosakafiwa kwa rangi nyekundu au iliyochorwa baiskeli, hiyo sio yako, hiyo ni ya baiskeli na wanakuja kwa spidi na hawapunguzi, watu wengi wanagongwa au wanapigiwa kelele hapo siku yao ya kwanza. Na taa ya waenda kwa miguu ikiwa nyekundu subiri hata kama hakuna gari, hasa kukiwa na mtoto pembeni, wenyeji wanachukulia hilo kwa uzito. Utaona kijitu cha kwenye taa kimevaa kofia, kinaitwa Ampelmännchen, kilibuniwa 1961 huku upande wa Mashariki enzi Ujerumani imegawanyika mbili, na baada ya muungano walitaka kukiondoa, watu wakakataa kikabaki, na leo kimevuka mpaka taa nyingi za Magharibi.

Ukifika Nordbahnhof vuka, ingia Bernauer Straße. Hapa ndio pa kuuona Ukuta wa Berlin, na naomba unielewe, ni hapa, sio Checkpoint Charlie, kile kituo maarufu cha zamani cha mpaka. Checkpoint Charlie kuna kibanda cha kuigiza, maduka ya kofia na umati wa kupiga picha, hutajifunza kitu. Bernauer Straße ni bure, iko wazi, na kila kitu kiko palepale kilipotokea. Mwaka 1961 nyumba za upande mmoja wa huu mtaa zilikuwa za Mashariki, ila njia ya miguu mbele ya milango yao ilikuwa tayari ni Magharibi. Yaani mtu akifungua mlango wa mbele wa nyumba yake kashatoka nchi. Ukuta ulipoanza kujengwa tarehe 13 Agosti milango ikazibwa, watu wakaanza kuruka madirishani, zimamoto wa Magharibi wanawadaka kwa mablanketi chini. Mama mmoja, Ida Siekmann, aliruka tarehe 22 Agosti akafariki, ndie anahesabiwa mtu wa kwanza kufa kwenye huo mpaka. Leo pale ukuta ulipobomolewa wameweka vyuma virefu vyenye kutu vimesimama kwa mstari, unaweza kupita katikati yake kwa bega, unatoka Mashariki unaingia Magharibi kwa hatua moja. Pita, rudi, pita tena. Mimi nimewapitisha wengi hapo na huwa ndio dakika wanayonyamaza.

Ng'ambo ya barabara kuna jengo la kumbukumbu lenye mnara wa kupanda ngazi, bure pia, ukiwa juu unaona kipande cha mpaka kimeachwa kama kilivyokuwa, ukuta wa mbele, ukuta wa nyuma, katikati ule ukanda mtupu na mnara wa walinzi. Watu wengi wanafikiri Ukuta ni ukuta mmoja. Ukiangalia toka juu ndio unaelewa kilichokuwa kinaua ni ule uwazi wa katikati.

Endelea mpaka Bernauer Straße ikutane na Brunnenstraße, pinda kulia, unaanza kushuka. Sasa hapa twende taratibu. Unatafuta namba 193, karibu kabisa unafika Rosenthaler Platz. Ujue namba za nyumba kwenye mitaa mingi ya zamani ya Berlin hazirukiani kushoto kulia kama ulivyozoea, zinapanda upande mmoja mpaka mwisho wa mtaa alafu zinageuka zinarudi upande wa pili, kwahiyo usihangaike kutafuta 194 ng'ambo. Ukifika 193 usiangalie juu, angalia chini. Kwenye mawe ya njia kuna kibamba cha shaba ya manjano, sentimita kumi kwa kumi, watu wanapita juu yake wakienda kununua kahawa. Ni Stolperstein, vile vibamba vinavyowekwa mbele ya nyumba alizoishi mtu kabla Wanazi hawajamchukua. Hiki ni cha Bayume Mohamed Husen.

Huyu ni mtoto wa Dar es Salaam, kazaliwa 1904. Vita Kuu ya kwanza ikamkuta mtoto, akaingia jeshini kwa Wajerumani kama askari akiwa bado mdogo kabisa. Mwaka 1929 akaja Berlin, na moja ya alichofuata ni mshahara wa vita ambao yeye na baba yake hawakuwahi kulipwa, hakupewa. Akabaki. Akawa mhudumu wa mgahawa mkubwa pale Potsdamer Platz, akaigiza vipande vidogo vidogo kwenye filamu, akafundisha Kiswahili kwa maafisa na wanafunzi, akaoa, akapata watoto. Mwaka 1941 akakamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen kaskazini tu mwa huu mji, na akafia huko tarehe 24 Novemba 1944. Kibamba kiliwekwa 2007. Shaba ikikaa inafubaa inakuwa nyeusi, kuna watu wa mitaa wanakuja na kitambaa kuvisugua. Ukiwa na tishu mfukoni na wewe futa, unaruhusiwa kabisa, na ukiwa hapo soma jina kwa sauti kwa lafudhi yetu, maana wapita njia wa pale wakilisoma wanalivunja.

Baada ya hapo kula. Rosenthaler Platz pamezungukwa na vibanda vya döner, euro saba hivi au zaidi kidogo, ni chakula cha kukushikilia mpaka jioni. Nyama ni ya kuku au ng'ombe au ndama na sehemu nyingi wanasema halal, uliza tu. Ile currywurst ambayo kila mtu atakuambia uijaribu mara nyingi ni nguruwe, kwahiyo kama huli jihadhari. Maji usinunue kila saa, ya bomba la Berlin ni safi, jaza chupa yako. Na ukinunua soda usitupe chupa ya plastiki, ina Pfand, yaani amana, ya senti 25 unarudishiwa supamaketi, nyie wa Magdeburg najua hilo mnalo kichwani.

Shuka na Rosenthaler Straße. Utapita Hackesche Höfe, zile nyua zilizofuatana za mwaka 1906 na vigae vya kupendeza, ingia upige picha yako. Ila mlango wa jirani, namba 39, kuna uchochoro umejaa michoro ya rangi ukutani, ingia mpaka ndani, panda ngazi kushoto, kuna makumbusho madogo ya bure. Ilikuwa karakana ya mafagio na brashi ya bwana aliyeitwa Otto Weidt. Mwenyewe alikuwa karibu kipofu, na wafanyakazi wake walikuwa vipofu na viziwi, wengi Wayahudi, na wakati wa Wanazi alihonga maafisa, akaghushi karatasi, akaficha familia nzima kwenye chumba cha mwisho ambacho mlango wake ulikuwa nyuma ya kabati. Chumba kipo, hakina dirisha. Robo saa inatosha na hutakisahau.

Toka, nenda Hackescher Markt, pita chini ya reli, vuka daraja, umefika kisiwa cha makumbusho. Hapa nitakuwa mkali: leo usiingie hata moja. Ni makumbusho matano, yako kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1999, sanamu ya malkia Nefertiti wa Misri imo ndani ya Neues Museum na siku moja njoo kwa ajili yake peke yake. Pergamon, mojawapo ya hayo matano, imefungwa yote kwa matengenezo makubwa tangu Oktoba 2023, hilo ujue kabla hujaanza kuitafuta. Wewe kaa kwenye majani ya Lustgarten mbele ya kanisa kubwa la Berliner Dom, vua viatu, pumzisha miguu. Jengo kubwa mbele ni kasri la wafalme, ila ni jipya: la zamani liliumizwa na vita, serikali ya Mashariki ikalilipua 1950, wakajenga bunge lao hapohapo, muungano ukaja nalo likabomolewa, alafu wakajenga tena sura ya kasri. Kiwanja kimoja, serikali tatu, kila moja inafuta ya mwenzake. Ndani, Humboldt Forum, kuna vitu vingi vya Afrika vilivyochukuliwa enzi za koloni.

Unter den Linden sasa, moja kwa moja magharibi. Kulia Neue Wache, nyumba ndogo ya nguzo. Ingia, ni bure, ndani hakuna kitu isipokuwa mama amemkumbatia mwanae aliyekufa, kazi ya Käthe Kollwitz ambae mwanae wa kweli aliuawa vitani 1914, na juu yao paa lina tundu la duara, mvua ikinyesha inawanyeshea. Mbele kidogo kulia Chuo Kikuu cha Humboldt. Mwaka 1887 chuo hiki kilianzishiwa Seminari ya Lugha za Mashariki ya kuwaandaa maafisa wa koloni, na Kiswahili kikawa moja ya lugha zake. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, alikuja kufundisha hapo 1900, ugomvi wa ubaguzi ukamtoa kwenye kazi, na hakurudi tena kuishi kwao, alifia Berlin 1927. Kwahiyo Kiswahili unachoongea na mwenzako kwenye simu ukipita hapo kilishafika zamani sana, na kina kaburi hapa.

Ng'ambo ya barabara Bebelplatz. Tafuta kioo chini katikati ya kiwanja, inama uchungulie, utaona chumba cheupe chenye rafu tupu. Walichoma vitabu hapo tarehe 10 Mei 1933.

Endelea mpaka karibu uone geti la Brandenburg mbele yako, ila usilifikie kwanza. Pinda kushoto Wilhelmstraße, tembea dakika saba nane mpaka namba 92. Utaona maghorofa ya kawaida ya zege ya miaka ya themanini na mbele yake bango la maelezo, basi. Usikate tamaa. Hapa ndipo lilikuwa jumba la Bismarck, kansela wa Ujerumani, na hapa ndipo ulifanyika Mkutano wa Berlin kuanzia 15 Novemba 1884 mpaka 26 Februari 1885. Mataifa 14 mezani, Mwafrika hata mmoja hakualikwa. Mkutano umefungwa leo, kesho yake, 27 Februari, ikatoka hati ya ulinzi ya Kaisari kwa kampuni ya Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani, na hiyo ndiyo iliyozaa koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani. Usagara, Nguru, Useguha na Ukami, watu wake hawana habari. Sasa rudisha mawazo asubuhi kwa dinosaria, kwa Husen, kwa mwalimu Mtoro, wote njia yao ilianzia kwenye hili bango. Ndio maana nimekupitisha kwa mpangilio huu. Na stesheni ya treni ya chini hapo jirani siku hizi ina jina la Anton Wilhelm Amo, mwanafalsafa aliyezaliwa Ghana ya leo akafundisha vyuo vya Ujerumani karne ya 18. Jina la zamani la mtaa lilikuwa la kudhalilisha watu weusi na lilipiganiwa miaka mingi mpaka likang'oka.

Kutoka hapo nenda magharibi dakika chache utakutana na vitalu vya zege 2,711, kumbukumbu ya Wayahudi wa Ulaya waliouawa. Ingia katikati peke yako, ardhi inashuka na vitalu vinakuzidi kimo, sauti ya mji inapotea. Tafadhali usipande juu yake wala usipige picha za kucheka.

Panda kaskazini dakika tatu, geti la Brandenburg. Kama ni jioni jua liko magharibi, kwahiyo ukipiga picha upande wa Pariser Platz utatoka mweusi tii, pita katikati ya nguzo uende upande wa pili ndio mwanga unakaa usoni. Reichstag iko hapo hapo kulia. Kuba la kioo juu ni bure ila linataka kujiandikisha mapema, kwahiyo siku ya ghafla liache, kaa kwenye majani mbele yake wenyeji wanavyofanya.

Ukiwa na nguvu bado na saa haijaenda, kwenye Unter den Linden kuna treni ya chini, U6, upande wa kaskazini, tiketi yako inafanya kazi. Shuka Rehberge au Afrikanische Straße. Kuna mitaa inaitwa Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße, na tangu Agosti 2024 kuna Maji-Maji-Allee, kipande cha mtaa ambao zamani ulikuwa na jina la Peters. Ila kama miguu imekataa iache, hiyo ni siku nyingine pamoja na Lucy-Lameck-Straße kule Neukölln.

Vitu vya kubeba ni vichache. Viatu ulivyovaa mara nyingi na sio vipya, mawe ya Berlin hayana huruma. Pawabenki. Sarafu chache na kadi ya benki kwa ajili ya choo. Koti jepesi hata kama asubuhi kuna jua. Na kama mvua itakushika usirudi nyumbani, ongeza muda dinosaria na kwa Otto Weidt, ruka Lustgarten, mengine tembea hivyohivyo.

Kutoka Reichstag unavuka mto Spree na Hauptbahnhof unaiona, robo saa tu. Wikendi reli zinatengenezwa sana kwahiyo angalia programu ya DB (shirika la reli) kwenye simu mchana ukiwa unakula, usingoje usiku. RE1 inaondokea ghorofa ya juu, usishuke kwenye treni za chini, na soma ubao vizuri kabla ya kupanda maana nyingine zinaishia Brandenburg an der Havel, wewe unataka ile iliyoandikwa Magdeburg, ni moja kwa saa.